Damu ya Miadi

Wengi wetu tuliosomea skuli za mjini na za shamba tunaukumbuka mchezo mmoja usiostahili kuitwa mchezo. Watoto wawili wametupiana maneno njiani wakitoka darasani. Hasira imekwisha kupoa nusu, na kila mmoja anatafuta namna ya kwenda kwao bila ya kuonekana mwoga. Mara hutokea wa tatu, ambaye hakutukanwa wala hakutukana, akainama, akakumba mchanga kwa viganja, akafanya vituta viwili sawasawa, kisha akainuka na kutangaza kwamba hiki ni ziwa la mama wa huyu na hiki ni ziwa la mama wa yule, basi na tuone nani mwanamume. Hapo shauri limekwisha. Atakayekivuruga kituta cha mwenziwe ametukana tusi lisilosameheka. Atakayevurugiwa akanyamaza amemwacha mama yake katika fedheha mbele ya halaiki. Na wale wawili, ambao punde hivi hawakuwa na haja ya kupigana, hurukiana kama majogoo, ilhali aliyeufinyanga mchanga husimama kando akishangilia, na viganja vyake havina ila vumbi.

Nimeanza na mchanga wa watoto kwa kuwa ndani yake zimo nguzo zote za jambo kubwa ninalotaka kulipima. Pana heshima iliyoguswa, pana mwito ambao kuukataa ni aibu, pana mashahidi, na pana hadhara ya kuhukumu. Nguzo hizo hizo, zilipovishwa joho la kiungwana na kupewa upanga au bastola badala ya ngumi, ziliwaua watu wazima wa Ulaya na Marekani kwa karne nyingi, tena si wahuni wala walevi, bali mawaziri, washairi, maamiri na wanasheria. Nalo swali linalotukabili, madhali leo kila dola inadai kuwa roho ya raia imo katika himaya yake, ni hili: mtu akimwua mwenziwe katika pambano ambalo wote wawili waliliridhia, wakalipangia mahali, saa, silaha na mashahidi, je, sheria imwite mwuaji sawa na yule aliyemvizia jirani yake gizani, au imtafutie jina jingine lililo jepesi?

Lugha yetu haina neno moja lililozoeleka kwa jambo hili, nami nitaliita pambano la miadi, maana miadi ndiyo roho yake. Silo vita, ambamo askari hupigana kwa amri ya dola. Na kwa hiyo mapambano ya watu wawili wawili yaliyotangulia vita vya Badri, Hamza na Ali na Ubaida walipotoka safuni kuwakabili Utba na jamaa zake, hayamo katika kadhia yetu, kwani yale yalikuwa mlango wa vita baina ya majeshi mawili. Wala silo kujitetea, kwa kuwa ajiteteaye hakuchagua saa. Wala silo zogo la kilabuni, ambamo mkono hutangulia akili. Pambano la miadi ni tendo la watu wawili walio na fahamu timamu, ambao walikwenda kulala, wakaamka, wakanawa nyuso zao, wakavaa, wakaenda.

Tazama mfano mmoja. Alfajiri ya tarehe 1 Julai 1843, katika uwanja mmoja wa Camden Town, kiungani mwa London, walikutana maafisa wawili wa jeshi la Uingereza: Luteni Kanali David Fawcett, ambaye hakuwa na muda mrefu tangu kurejea kutoka vita vya Uchina, na Luteni Alexander Munro wa kikosi cha wapanda farasi. Watu hawa walioa mtu na nduguye. Yaani, kwa neno ambalo Kiswahili kinalo na Kiingereza hakina, walikuwa wanyumba. Fawcett alipokuwa vitani Munro ndiye aliyemwangalizia mambo yake ya mali, na aliporudi wakakhitalifiana juu ya hesabu na usimamizi, maneno yakapanda, na Fawcett akamwita mtumishi amwonyeshe mnyumba mwenziwe mlango. Hilo, la kutolewa nyumbani na mtumishi, ndilo lililokuwa tusi lote. Risasi ya Munro ikampata. Akachukuliwa hadi nyumba ya wageni ya karibu, na baada ya siku mbili akafariki. Munro akakimbia nchi. Ndugu wawili wa kike, mmoja akawa mjane na mwenziwe akawa mke wa mtoro, na yule mjane serikali ikamnyima pensheni kwa sababu ya namna mumewe alivyokufa.

Hapa msomaji atauliza: sheria ilisema nini? Sheria ilikwisha sema zamani. Wanavyuoni wa sheria ya Kiingereza, Edward Coke na Matthew Hale katika karne ya 17, na William Blackstone katika karne ya 18, wote walikuwa wameandika pasi na kigugumizi kwamba anayeua katika pambano lililopangwa amefanya mauaji ya kukusudia, na kwamba mashahidi waliomsindikiza nao wamo hatiani. Kitabu kilikuwa wazi. Mahakama ndiyo iliyofumba macho. Mwaka 1840 Bwana mkubwa wa Cardigan alimpiga risasi Kapteni Tuckett katika uwanda wa Wimbledon, akamjeruhi. Na aliposhitakiwa mbele ya makabaila wenziwe katika Bunge la Malodi, mwezi wa Februari 1841, aliachiliwa kwa hoja kwamba upande wa mashitaka haukuthibitisha kuwa Tuckett aliyejeruhiwa ni yule yule ambaye hati ya mashitaka ilimtaja kwa majina yake yote manne. Na kwa mujibu wa desturi ya baraza lile, kila kabaila alisimama zamu yake, akaweka mkono kifuani, akatamka kuwa mshitakiwa hana hatia, akiapa kwa heshima yake. Kwa heshima! Kitu kile kile kilichompeleka Cardigan uwandani ndicho kilichomtoa mahakamani.

Munro naye alirudi Uingereza mwaka 1847, akashitakiwa katika mahakama ya Old Bailey, akaonekana na hatia ya mauaji, akahukumiwa kufa. Kisha adhabu ile ikabadilishwa ikawa kifungo cha miezi 12. Kutoka kitanzi mpaka miezi 12 ni masafa marefu, na ndani ya masafa hayo ndimo ilimo falsafa yote ya jambo letu. Ama jina la mauaji lilikuwa la uwongo, na kwa hiyo adhabu ikalikimbia. Ama jina lilikuwa la kweli, na adhabu ikaona haya kulifuata.

Na tulipime jina kwanza. Kanuni za Adhabu za Kenya na Tanzania, ambazo zimerithi mengi kutoka sheria ya Kiingereza, zinaeleza kwamba mauaji ni kusababisha kifo cha mtu kwa tendo lisilo halali, kwa dhamira ovu iliyotangulia. Na zinampunguzia kosa yule aliyeua kwa ghadhabu ya ghafla baada ya kuchokozwa, kabla damu yake haijapata wasaa wa kupoa. Basi mtazame mpiganaji wa miadi kwa mizani hii. Yeye, kinyume cha yule aliyeghadhibishwa, hujifakharisha kwa kupoa kwake. Kanuni za pambano ziliwataka waungwana wasipigane palepale walipotukanana, kwani kupigana kwa hasira ni tabia ya watu duni. Wapelekeane barua, wachague mashahidi, mashahidi wajaribu suluhu, na suluhu ikishindikana ndipo wapange siku. Kadiri mtu alivyokuwa mtulivu, kadiri alivyoinua silaha bila mkono kutetemeka, ndivyo wenziwe walivyomhesabu kuwa muungwana kamili. Kwa hiyo kile kile ambacho kanuni za heshima zilikiita uungwana, sheria inakiita dhamira iliyotangulia. Na pambano likitimizwa kwa adabu zake zote, huwa limejiandikia lenyewe hati ya mashitaka.

Walakini si haki kumhukumu mtu kabla ya kusikiliza utetezi wake, na utetezi wa pambano la miadi una nyuso tatu.

Uso wa kwanza ni ridhaa. Husemwa kwamba aliyeuawa alijua na alikubali; hakuna aliyemvuta kwa kamba; na asiyekatazwa kuuza shamba lake akatazwe vipi kuitia roho yake hatarini? Hoja hii ina uzito, kwa kuwa ridhaa hugeuza hukumu ya matendo mengi: kisu cha tabibu ni kisu, na anayekiridhia hakudhulumiwa. Lakini shamba lina bei na lina mnunuzi, ilhali roho ni amana, na amana haiuzwi na aliyewekewa. Fauka ya hayo, sheria ya zama zetu imekwisha kuichora mipaka ya ridhaa katika mambo yaliyo madogo mno kuliko kifo. Mwaka 1981 Mahakama ya Rufani ya Uingereza iliamua kadhia ya vijana wawili, mmoja wa miaka 18 na mwenziwe wa miaka 17, waliogombana njiani wakakubaliana kuumaliza ugomvi wao kwa ngumi papo hapo; madhara yalikuwa pua iliyotoka damu na michubuko usoni; na mahakama ikasema kwamba makubaliano yao si utetezi, kwa kuwa hayana maslahi kwa umma watu kuumizana pasi na sababu njema. Basi ikiwa ridhaa haitoshi kuosha damu ya pua, itaoshaje damu ya moyo?

Atatokea mtu aniulize habari za ndondi, ambazo serikali huziruhusu na watu hulipa viingilio, nazo zimekwisha kuua. Nakiri kwamba mpaka hapa ni mwembamba, na anayetaka ndondi nazo zipigwe marufuku hasemi upuuzi. Hata hivyo, ulingoni pana mwamuzi mwenye uwezo wa kusimamisha, pana kengele, pana taulo la kutupwa, na ushindi hupatikana bila ya mtu kufa. Kifo kikitokea, mchezo umeharibika. Katika pambano la miadi kifo kikitokea, shughuli imetimia.

Na juu ya ridhaa kuna jambo lenye kina zaidi, ambalo watu wa pwani hawana haja ya kulitafuta mbali. Imepokewa katika Sahihi ya Bukhari kwamba Mtume (S.A.W.) alieleza kuwa Waislamu wawili wakikutana kwa panga zao, mwuaji na aliyeuawa wote ni watu wa motoni, na alipoulizwa kuwa mwuaji kosa lake linajulikana, je, aliyeuawa ana kosa gani, alibainisha kwamba huyo naye alikuwa na pupa ya kumwua mwenziwe. Tafakari mgeuko huu wa fikira. Watetezi wa miadi huichukua ridhaa ya maiti na kuitumia kumpunguzia mzigo aliye hai. Hadithi hii inaichukua ridhaa ile ile na kuiona kuwa ni mzigo wa pili. Kukubaliana hakuigawi hatia nusu kwa nusu. Huizidisha maradufu, na aliyekufa hakuponea hukumu ila kwa kuwa hakuna mahakama ya dunia inayoweza kumwita.

Uso wa pili wa utetezi ni usawa. Mwuaji wa kawaida, husemwa, hujificha. Huyu amesimama kifua wazi, amempa mwenziwe fursa ile ile aliyoichukua yeye. Basi kuna khiana gani? Ni kweli kwamba hapana khiana, na ni kweli kwamba khiana huongeza ubaya wa mauaji. Lakini kitu kinachoongeza ubaya si lazima kiwe ndicho ubaya wenyewe. Hatari ninayojitia mimi haipunguzi hatari ninayomtia mwenzangu. Mwizi aliyekatwa viganja na vigae vya chupa juu ya ukuta hakupunguziwa wizi kwa sababu ya majeraha yake. Tena usawa wenyewe aghalabu ulikuwa wa jina tu. Tarehe 11 Julai 1804, huko Weehawken katika jimbo la New Jersey, Aaron Burr, ambaye siku ile alikuwa Makamu wa Rais wa Marekani, alipambana na Alexander Hamilton, aliyepata kuwa Waziri wa Fedha wa kwanza wa nchi ile. Hamilton alikuwa na mtoto wa kiume, Philip, aliyekufa kwa pambano la namna hiyo mwaka 1801, naye ana umri wa miaka 19. Na kabla ya siku yake mwenyewe aliacha maandishi ya kwamba amenuia kutoielekeza risasi yake ya kwanza kwa hasimu. Burr alimpiga, na siku ya pili yake Hamilton akafa. Basi kama watu wawili wamesimama kwa hatua zilizohesabiwa na bastola zinazofanana, lakini mmoja amekuja na dhamiri inayomzuia na mwingine amekuja nayo imelala, usawa uko wapi? Pambano humpendelea yule asiyejali kuua, na hiyo ni mizani ya ajabu ya kupimia uungwana. Burr alishitakiwa kwa mauaji New York na New Jersey pia, wala hakusimamishwa mahakamani hata siku moja. Alirudi Washington, akakaa kitini kuliongoza Baraza la Seneti.

Uso wa tatu ndio mgumu, nao ndio uliowatatiza wenye hekima. Unasema hivi: mtu huyu hakuwa na hiari ya kweli. Lau angaliukataa mwito, wenziwe wangalimgeuzia migongo, jeshi lingalimtupa, binti zake wasingaliposwa. Na sheria, ambayo ilimkataza kupigana, haikuwa na dawa yoyote ya kumrudishia jaha yake iliyovunjwa. Cesare Beccaria, Mwitalia aliyeandika mwaka 1764 juu ya makosa na adhabu, aliona kwamba njia iliyo bora ni kumwadhibu yule aliyeanza uchokozi, na kumwachilia yule ambaye pasi na kosa lake alilazimika kukitetea kitu ambacho sheria haikumlindia, nacho ni rai za watu juu yake. Mwanafalsafa Immanuel Kant naye, katika kitabu alichokitoa mwaka 1797, alilitazama suala hili akaona kwamba haki ya kuadhibu imeingia katika dhiki: sheria ikimnyonga askari aliyemwua mwenziwe kwa ajili ya heshima inakuwa katili, na ikimwachia inakuwa legelege. Kant, ambaye hakuwa mtu wa kuionea huruma damu iliyomwagwa, alikiri kwamba ila imo katika sheria zenyewe, ambazo zingali changa na za kishenzi, kwa kuwa hisia ya heshima iliyomo ndani ya watu haijapatana na vipimo ambavyo dola huvitumia.

Hoja hii siitupi. Kwa hakika naiona kuwa ni ya kweli, lakini ni ya kweli kuhusu jambo jingine, si lile linalodaiwa. Inatuambia mengi juu ya mtendaji, wala haituambii lolote juu ya tendo. Kwamba Munro alisukumwa, kwamba aliogopa, kwamba angalidharauliwa, hayo yote huifanya dhamira yake ieleweke, hayaifanyi isiwepo. Jina ni la tendo. Kipimo ni cha mtendaji. Kosa la Kant, na la majaji wa Kiingereza waliomtangulia na kumfuata, lilikuwa kuamini kwamba ukishakubali jina huna budi kuleta kitanzi, na kwa kuwa kitanzi kilichukiza, mabaraza yakalipotosha jina. Leo hatulazimiki kuingia katika dhiki hiyo. Mahakama ya Juu ya Kenya, katika hukumu yake ya Desemba 2017, iliamua kwamba sheria kumfunga jaji mikono asitoe adhabu nyingine ila kifo kila anapomwona mtu na hatia ya mauaji ni kinyume cha katiba. Na tangu hapo jaji anaweza kusema kwa sauti moja kwamba haya ni mauaji, na kwa sauti ya pili akapima ni mauaji ya mtu wa namna gani, katika hali gani. Kwa jirani zetu wa Tanzania, ambako sheria ingali ikisema kwamba adhabu ya mauaji ni kunyongwa tu, dhiki ya Kant ingali hai.

Kuna waliojaribu njia ya kinyume, ya kulibadilisha jina lenyewe. Kanuni ya adhabu ya Ujerumani ya mwaka 1871 ililitengea pambano la watu wawili mlango wa peke yake, na aliyeua ndani yake hakuitwa mwuaji, bali alipewa kifungo cha ngomeni kisichopungua miaka miwili, kifungo kilichohesabiwa kuwa hakimvunjii mtu hadhi. Mlango huo haukuondolewa kabisa mpaka mwaka 1969. Maana yake ni nini? Dola ilikuwa imemwambia raia wake kwamba kuna damu ya aina mbili, damu ya watu wenye heshima na damu ya watu wengine. Na kwamba mchukuzi anayemwua mchukuzi mwenziwe kwa tusi lile lile ni mwuaji, ilhali afisa ni mtu aliyepatwa na jambo. Sheria inayoliremba jina kwa ajili ya tabaka moja huwa imelidhulumu tabaka jingine kabla kesi haijafunguliwa.

Basi pambano la miadi lilikufa vipi kule Uingereza, ikiwa kitanzi hakikuliua? Lilikufa, kwa sehemu kubwa, pale heshima yenyewe ilipobadilishiwa kipimo. Baada ya kifo cha Fawcett, katika mwaka 1844, kanuni za jeshi zilirekebishwa, afisa anayepigana akahofia kuvuliwa cheo chake. Na, jambo lililo kubwa zaidi, ikatangazwa kwamba ni sifa ya watu wenye heshima kuomba radhi kwa kosa walilolifanya na kuikubali radhi wanayoombwa. Hapo mtu aliyekataa kupigana alipata kitu ambacho hakuwa nacho kabla, nacho ni mahali pa kusimama bila aibu. Pambano la mwisho la kuuana katika ardhi ya England, la mwaka 1852, halikuwa la Waingereza kabisa; walikuwa Wafaransa wawili waliokimbilia huko.

Sisi wa mwambao tuliletewa katazo hili kabla ya kuletewa jambo lenyewe. Mpaka leo Kanuni za Adhabu za Kenya na Tanzania zina kifungu kinachomtia hatiani anayemwita mwenziwe kwenye pambano la namna hii, kifungu kilichosafiri pamoja na sheria za wakoloni kikatua katika nchi ambazo bastola za alfajiri hazikuwa desturi yake. Sisemi kwamba babu zetu walikuwa malaika. Majambia yalichomolewa, na visasi vya koo vilimwaga damu nyingi. Lakini katika mambo ya heshima walijua pia njia za kuufungulia moyo pasi na kuuvunja mwili. Muyaka bin Haji wa Mvita, katika zama za uhasama wa Mazrui na Bu Saidi, alishindana na washairi wa Lamu kwa beti, na tusi lililofumbwa vyema lilijibiwa kwa fumbo, hadhara ikahukumu, na kila mtu akarudi kwake na roho yake.

Na anayetaka kuliona jambo hili kwa macho na aende Makunduchi, kusini ya Unguja, siku ya Mwaka Kogwa. Wanaume wa pande mbili za mji hukutana uwanjani wakiwa wameshika mashina ya migomba, na hapo mwenye kinyongo cha mwaka mzima huruhusiwa kumtafuta hasimu wake mbele ya watu wote na kumchapa mpaka shina lichanike, naye achapwe vilevile, ilhali wanawake wanaimba. Kisha kibanda cha makuti huchomwa moto, kinyongo hugeuka kuwa majivu, na watu hukaribishana vyakula. Utaona kwamba humo zimo nguzo zote nilizozitaja mwanzo: mwito umo, mashahidi wamo, hadhara imo, heshima imo. Kilichotolewa ni kimoja tu, nacho ni silaha inayoweza kuua. Na kutolewa kwake kumethibitisha kwamba moyo wa mwanadamu, unapodai kuridhishwa, haudai kifo. Kifo uliongezewa na kanuni za watu.

Kwa hiyo hukumu yangu ni hii. Anayemwua mwenziwe katika pambano la miadi ni mwuaji, na sheria ya zama zetu imwite hivyo bila ya kuyumba, awe ni jemadari au mpagazi, awe alipigana kwa bastola uwandani au kwa kisu nyuma ya kilabu. Ridhaa ya maiti isimpunguzie jina, na usawa wa silaha usimpunguzie jina. Jaji apewe uhuru wa kupima adhabu kwa kutazama msukumo uliompata. Na sheria yenyewe, ikishamwita mtu mwuaji kwa sababu aliitetea hadhi yake kwa mikono yake, inadaiwa deni: ifungue milango yake kwa anayekashifiwa, impatie hukumu ya haraka na isiyo ghali, ili asiwe na udhuru wa kusema kwamba hakuwa na pa kwenda.

Lakini pana mmoja ambaye hukumu nyingi humpita. Wanavyuoni wa Kiingereza waliwatia mashahidi hatiani pamoja na wapiganaji. Na Mtaguso wa Trento, mwaka 1563, uliwatenga na Kanisa Katoliki sio wapiganaji na mashahidi wao tu, bali hata waliokwenda kutazama. Waliona sawasawa. Pambano la miadi halina watu wawili. Lina watu wawili na umati, na umati ndio unaotunza aibu na kuigawa. Anayesema baada ya ugomvi wa watu kwamba fulani kanyamaza kama mwanamke, anayechukua maneno kutoka baraza hii kuyapeleka baraza ile, anayecheka mtu anapoomba radhi, huyo ndiye yule mtoto wa tatu aliyekumba mchanga. Na damu ikimwagika, viganja vyake navyo vitazamwe.